Kipindi cha redio cha Wamarekani kusimulia maisha yao ya kawaida, kuna anayekifahamu? (na kwanini babu anacheka mwishoni)

Binti Kibosho:

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Uzi mrefu kidogo mnivumilie, mwenye haraka aruke mpaka chini kwenye swali.

Niko Ohio huku mwaka wa pili sasa, kazi yangu ni ileile wengi wetu tunayoanza nayo tukifika, kuangalia wazee majumbani. Wikiendi nakaa na babu mmoja mzungu, ana miaka 84, mke alishatangulia, watoto wako majimbo ya mbali wanapiga simu Jumapili jioni dakika kumi imetoka hiyo. Babu si mkali ila maneno hana. Ananisalimia, anashukuru, anasema leo baridi, basi. Miezi mitano ya mwanzo nikajua huyu hanipendi. Unajua sisi tulivyo jamani, mtu ukikaa naye siku mbili tu ushajua kwao wapi, shamba lina mgogoro na nani na shangazi yake alinuniana na nani kwenye msiba. Huku unaweza kumwogesha mtu mwaka mzima na hujui ujanani alikuwa anafanya kazi gani!

Sasa jikoni kwake kuna redio ya zamani, antena ilivunjika akaiunga na ule utepe mweusi wa mafundi umeme, na kile kitufe cha kutafutia stesheni nacho kakizungushia utepe huohuo mtu asije akakigusa. Jumamosi ikifika saa sita mchana anazima TV mwenyewe, anavuta kiti, anakaa sikio limeelekea redioni kama anasubiri matangazo ya vifo. Mimi hapo huwa namwandalia supu, nimechomeka vitu vyangu masikioni nasikiliza kwaya.

Siku hiyo simu ikazima chaji. Ndo nikasikia. Watu wa yadi moja ya magari huko New York, mwezi unaisha na wanatakiwa wawe wameuza magari 129 ili kampuni iwape bonasi, wakipungukiwa hata moja hawapati. Yani ni hivyo tu wakuu, watu wanauza magari! Lakini unamsikia meneja anavyochanganyikiwa, wauzaji wanatukaniana (matusi wameyafuta kwa kile kimlio), mteja anaondoka mlangoni mtu anamkimbilia, wengine wanakubali kuuza gari kwa hasara kabisa ili mradi namba isogee. Mtangazaji hana ile sauti ya utangazaji, anaongea kama mtu mliyekutana kituoni mnasubiri daladala, anakwama, anacheka katikati ya sentensi. Nikasahau supu ikashika chini, babu hakusema kitu, aliila hivyohivyo.

Nikaja kujua kipindi kinaitwa This American Life. Toka hapo sijachomeka tena kitu sikioni Jumamosi.

Maswali yangu sasa. Kuna mtu humu anakifuatilia? Nasikia vya zamani vipo vingi mno kwenye intaneti, nianzie wapi? Halafu ni watu wa kweli au wanaigiza? Na hili la mwisho ndilo lililonileta haswa: kila wiki mwishoni kabisa, mtangazaji akishataja majina ya waliotengeneza, anamtaja mtu mmoja nasikia kama Tori Malatia, kisha inaingia sauti ya mtu mwingine kabisa inasema kitu hakina kichwa wala miguu, na hapo babu anacheka mpaka anakohoa. Ndo mara moja tu kwa wiki huyu mzee anacheka. Mimi nacheka naye kinafiki lakini sielewi hata chembe, na kumuuliza naona aibu. Wajuzi nisaidieni.

Chumvi Nyingi:

Yani dada umevuka bahari kwenda kusikiliza redio 😂😂 sisi tunajua umefuata dola. Nimeweka kigoda hapa nasubiri wajuzi.

Mzee wa Mawimbi:

Binti umenipata penyewe. Mimi nimestaafu redioni, nimeanza kazi enzi za kukata tepu kwa wembe na kuunga vipande kwa gundi, kwahiyo hicho kipindi nilikisikiliza kama fundi seremala anavyokagua kiti cha mwenzake, nakigeuza nitazame misumari.

Nianze na babu na kicheko chake. Jina ni Torey Malatia. Huyo ndiye alikuwa bosi wa WBEZ, stesheni ya umma ya Chicago, na ndiye aliyeanzisha kipindi pamoja na huyo mtangazaji wako, Ira Glass. Sasa Ira kila mwisho anamshukuru bosi wake, halafu anajifanya anamnukuu, anasema bosi wangu huwa ananiambia hivi, na hapo wanachomeka sauti ya mtu yeyote aliyeongea ndani ya kipindi hichohicho. Yani kama katikati kuna mama alisema kuhusu mbwa wake "simtaki tena kitandani kwangu", mwishoni anaambiwa bosi ndo kasema vile kuhusu Ira (huo ni mfano wangu, usiende kuutafuta). Utani mzima ndo huo. Lakini ona ulivyofumwa, asiyesikiliza saa nzima haupati, maana hajui yale maneno yalitoka kwa nani na yalikuwa ya nini. Malatia mwenyewe aliacha ile stesheni tangu 2013 na utani umebaki. Kwahiyo babu yako hasinzii pale kwenye kiti, kila neno analo.

Historia kwa ufupi. Ira alizaliwa Baltimore 1959, akaingia NPR, ile redio ya umma ya taifa huko Marekani, mwaka 1978 kama kijana wa mafunzo ana miaka 19, akapitia kila kazi mle ndani. Kipindi chake kilianza Novemba 1995 kwa jina lingine, Your Radio Playhouse, mwaka uliofuata wakabadilisha likawa hilo unalolijua. Wengi wanadhani ni kipindi cha NPR, siyo, kinarushwa tu na stesheni za umma zilezile. Kila wiki wanachagua mada moja, halafu stori mbili tatu zinaizunguka, wao wanaziita matendo kama kwenye mchezo wa jukwaani. Wiki nyingine stori moja inakula saa nzima, kama hiyo yako ya magari.

Sasa Jumamosi ijayo sikiliza kitu kimoja kwa ajili yangu. Muziki. Unatembea chini ya maneno taratibu, hata huutambui, halafu ghafla unakatika. Sentensi inayofuata hapo, ndiyo waliyotaka uisikie. Nilipogundua hilo nilirudisha nyuma kama mara nne nikiwa peke yangu sebuleni, mke wangu akaniuliza kuna nini. Miaka yote sisi tulikuwa tunaweka muziki pale maneno yanapokwisha, kama kiraka.

Kingine ni jinsi wanavyopanga. Kikatokea hiki, kikatokea kile, akafungua mlango, akakuta hiki... tukio linavuta tukio, huwezi kuzima. Kisha msimuliaji anasimama kidogo anajiuliza kwa sauti hivi hapa maana yake nini. Bibi yangu kule Songea hakujua redio ila ndo alivyokuwa anasimulia, akifika pazuri anaacha, anachokonoa moto, anatuuliza, "haya, ingekuwa ninyi mngemfungulia?"

mwl_Kasulu:

Mkuu Mzee wa Mawimbi heshima yako.

Mi nafundisha kiingereza sekondari, naomba niongezee kwa upande huo maana dada anaweza akafaidika pia na lugha. Kwenye tovuti yao karibu kila kipindi kina maandishi yake neno kwa neno, bure, hata vya miaka ya tisini. Mimi siku moja moja nachapa kurasa mbili nawapa form three. Nilichowapa kwanza kilikuwa kile cha mgahawa wa Chicago unaitwa Golden Apple, ulikuwa haufungwi usiku wala mchana, basi jamaa wakaenda wakakaa mle na vinasa sauti saa 24 mfululizo wanaongea na kila anayeingia. Mwaka 2000 hiyo. Anaingia mlevi, anaingia polisi, wanaingia wapenzi waliogombana, wahudumu wanabadilishana zamu. Hakuna la zaidi.

Wanafunzi wangu kwanza walidai nimewadanganya, hiyo siyo Marekani. Wao Marekani wanaijua kwenye muvi, magorofa na risasi. Kijana mmoja akaniuliza mwalimu kwani Marekani nako kuna watu wanakunywa chai usiku wa manane kwasababu hawataki kurudi nyumbani? Nikamwambia soma tena mstari wa juu. Akasoma. Akasema sasa huyu si kama watu wa pale stendi.

Maana humu ndani kiingereza ni kile cha mtu anayeanza sentensi anaiacha anarudi nyuma, siyo cha kwenye vitabu vya NECTA. Ila tahadhari, somo la kwanza soma huku unasikiliza, ukisikiliza mtupu utakimbia, wale watu wanameza herufi.

Chumvi Nyingi:

Mi nauliza tu lakini, hizo stori nani kazihakiki? Mtu akija redioni akasema mama yangu alifanya hivi na vile utajuaje? Hao jamaa wanapenda sinema kila kona. Msije mkawa mnalia na hadithi za kutunga, dada na wewe ushaunguza supu ya watu.

Mzee wa Mawimbi:

Chumvi swali lako zuri kuliko unavyodhani, na lina jibu la aibu.

Januari 2012 walirusha stori ya msanii mmoja wa jukwaani, Mike Daisey, alidai alikwenda China, Shenzhen, akasimama nje ya geti la kiwanda kinachotengeneza vifaa vya Apple akaongea na wafanyakazi, akakutana na watoto wadogo wanaofanya kazi mle, na watu waliopata sumu. Kipindi kikapasuka, hakuna kilichokuwa kimepakuliwa kama kile. Wao wakati wa kuhakiki walimuuliza tumpate vipi mkalimani wako, akawaambia namba yake haipatikani tena. Wakaachia hapo.

Mwandishi mwingine, Rob Schmitz, yeye alikuwa anaishi Shanghai, akaisikia stori akaona kuna vitu haviko sawa. Akamtafuta mkalimani kwenye intaneti akampata, na mama wa watu anapatikana vizuri tu kwa simu. Akasema hapana, hayo mengi hatukuyaona. Machi mwaka huohuo Ira akarudi hewani akachukua saa nzima, siyo tangazo la sekunde ishirini la kuomba radhi, saa nzima anafuta kile kipindi na kueleza wapi walikosea, na Daisey mwenyewe kamweka studio anamuuliza.

Hiyo saa uisikilize ukiwa umekaa. Kuna sehemu Ira anamuuliza swali halafu kimya. Kimya redioni! Sisi tulikuwa tunafokewa kwa sekunde tatu za kimya, pale zinapita nyingi na hawakuzikata. Mwanafunzi wa uandishi akiniuliza asikilize nini namtuma huko kabla ya kwingine kokote.

Kwahiyo jibu, ni watu wa kweli, na walishawahi kuingizwa mjini.

Msafiri254:

Niaje watu wa huku, mimi ni Mkenya niko Lowell, Massachusetts, na hapa tumejaa hadi ukienda dukani unakuta unga wa ugali karibu na mlango. Nimesoma nikaona hakuna mtu ametaja ile ya Abdi na siwezi nyamaza.

Dada anzia hiyo. Inaitwa Abdi and the Golden Ticket, ni ya Julai 2015. Abdi Nor Iftin ni Msomali, alikulia Mogadishu vita ikiwa imewaka, kiingereza alijifunza kwa kutazama sinema za Marekani hadi mtaani wakampa jina la Abdi Mmarekani, na kwa wakati ule jina kama hilo lilikuwa ni la kukufanya uuawe. Akatorokea Nairobi kwa kaka yake, wakawa wanaishi Isili (Eastleigh), ule mtaa wa Wasomali wengi. 2013 akajaribu ile bahati nasibu ya grini kadi, na jina likatoka.

Sasa watu wa nje wanafikiria ukishinda imeisha, unapanda ndege. Wapi! Wakati ule visa zilikuwa kama 50,000 hivi kwa mwaka na waliochaguliwa walikuwa wengi kupita hizo, bado kuna intavyuu, bado kuna makaratasi, na ukichelewa mwaka ukaisha, umepoteza. Na ile intavyuu yake ilikuwa 2014. Wakenya mnajua 2014 Isili ilikuwaje. Ule msako wa polisi wa Aprili kwa Wasomali, watu wanabebwa na malori wanapelekwa Kasarani uwanjani. Huyu jamaa akawa anajifungia kwa chumba na kaka yake, anajirekodi akinong'ona, anamtumia yule mwandishi wa BBC aliyekuwa anaongea naye. Unasikia nyayo za nje kwa ngazi. Unasikia akipumua.

Mimi mwaka huo nilikuwa nauza makava ya simu First Avenue. Kipande ninacho, jina langu si la Kisomali, nikisimamishwa naonyesha nateremka zangu. Jioni nafunga napanda matatu. Majirani wangu wa kibanda walikuwa wawili ndugu, wiki moja hawakufungua, wiki ya pili mwenye jengo akaweka mtu mwingine. Nilinunua stoki yao iliyobaki kwa bei ya chini, ilikuwa deal nzuri, sitadanganya nilifurahi. Miaka mbili baadaye niko hapa Lowell naendesha gari usiku naenda shifti, natafuta kitu cha kunizuia kulala, hiyo episodi ikaanza. Ilibidi nitoke kwa barabara niegeshe. Nilisikiliza hadi mwisho nikiwa kwa parking ya duka limefungwa, nikaingia kazi nimechelewa dakika arobaini.

Sitasema kama alipata ama hakupata, ingawa ukitafuta jina lake utajua kwa sekunde moja. Usitafute. Sikiliza kwanza.

Mie wa Makadara:

Salaam aleikum jamaa. Mie niko Mombasa, kipindi hicho nilifunzwa na mwanangu alokuwa akisoma huko nje, na nina langu moja la kusema msinile.

Kuna ile ya watoto wawili walobadilishwa hospitali, Wisconsin, mwaka 1951. Mama mmoja alijua, wallahi alijua toka mapema kuwa huyu nlokuja naye nyumbani si wangu. Mumewe mchungaji, akakataa, hataki kumtia daktari aibuni. Basi mama akanyamaza. Si mwaka, si miwili. Watoto wametimu miaka 43 ndiyo akawaandikia barua kila mmoja na yake. Na zile nyumba zajuana, huyu mama akimuona mwanawe wa tumboni na hasemi neno.

Mie nilisikiliza niko jikoni napepeta mchele, nkaacha. Si kwa kuwa siamini. Naamini sana, na hilo ndilo. Sisi huku mambo kama hayo yapo tele, mtoto alolelewa na khalaye akaambiwa ndiye mamake, yupo kila mtaa. Lakini utamtoa nani aje aseme kwenye redio kwa sauti yake? Watu watasema kafanya nini huyu, kaivua nguo nyumba yao. Nliwahi kumuuliza mwanangu, hawa hawana mashangazi wa kuwauliza? Akacheka tu.

Tulikuwa na kipindi cha Je, Huu ni Ungwana pale KBC, redio ya taifa ya Kenya, marehemu Leonard Mambo Mbotela Mungu amrehemu, miaka na miaka, nacho kilikuwa cha maisha ya kawaida vilevile, mtu kala na domo wazi, mtu kaja ugenini haondoki. Lakini angalia tafauti, pale hatajwi mtu. Ni "kuna bwana mmoja". Na kila mtu akisikiza ajua ni yeye. Mie naona njia ile ina adabu yake, na usiku unalala.

mwl_Kasulu:

Mama wa Makadara umenikumbusha RTD, ile Redio Tanzania ya zamani, na kadi za salamu. Baba yangu alikuwa na klabu ya salamu, anaandika majina ishirini, wa kwanza mpaka wa mwisho, na ujumbe "wanaonifahamu popote walipo". Jirani alikata mguu kwa shoka tukajua kupitia salamu za pole. Sasa ile nayo si ilikuwa maisha ya watu hewani? Ila majina matupu, stori yenyewe unaijua wewe na wao.

Chumvi Nyingi:

Huyo mama aliyenyamaza miaka 43 mi ningemshitaki. Na mchungaji pia.

Mie wa Makadara:

Ungemshitaki ukiwa wewe ndiye yule mwana. Ungekuwa mume ungesema nyamaza. Twajuana.

Mzee wa Mawimbi:

Mama nakupa kofia. Wao wenyewe hilo linawasumbua, sikiliza vizuri stori nyingi utasikia mtu anaulizwa mama yako anajua kama unaongea na sisi? Na mara nyingine wanakwenda kumpigia huyo mama, na mama naye anatoa upande wake, unakuta uliyekuwa umemchukia dakika ishirini zilizopita sasa unamhurumia. Hiyo ya Wisconsin wamemweka na yule mama mwenyewe anaongea. Hajitetei sana. Mimi nilimaliza sijui niko upande wa nani.

Binti, turudi kwako. Usianzie zile zenye tuzo. Watakuambia kuna moja ilipata Pulitzer, ile tuzo kubwa ya uandishi wa habari, 2020, ya kwanza kabisa kutolewa kwa kazi ya sauti, ya watu waliokwama Mexico wanasubiri kuomba hifadhi Marekani. Nzuri, ila nzito. Watakuambia Serial, ile ya kesi ya mauaji Baltimore waliyoizaa 2014, ile ukiianza hulali na kazini utafukuzwa. Ukitaka kuelewa kwanini Wamarekani walipoteza nyumba zao 2008, ipo ya Mei mwaka huohuo, wanafuata pesa ya mkopo wa nyumba kutoka mtu mmoja kwenda mwingine mpaka unaielewa hata kama hesabu ilikupita pembeni. Hiyo babu ataipenda. Wewe anza na mgahawa wa mwalimu, kisha Abdi, kisha ya watoto.

Na mara mbili tatu kwa mwaka utasikia stesheni inakatiza vipindi inaomba michango, usikasirike. Redio za umma huko zinaishi kwa wasikilizaji, na 2025 bunge lao liliondoa dola bilioni 1.1 zilizokuwa zinakwenda kwenye redio na TV za umma. Anayechanga anapewa kikombe au begi la kitambaa.

Binti Kibosho:

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya, nilikuwa na zamu mfululizo na nilitaka Jumamosi ipite kwanza.

Mzee wa Mawimbi shikamoo. Kikombe! Babu ana kikombe cheupe kimepasuka sikio anakinywea kahawa kila siku, kina jina la stesheni ubavuni, nilitaka kukitupa mara mbili maana nilikiona kibovu. Kwenye kabati kuna vingine sita hajawahi kuvitoa kwenye boksi.

Msafiri nilisikiliza ya Abdi kwenye basi nikapitiliza kituo. Sisemi zaidi. Mama wa Makadara ya watoto bado, nimeogopa, ntaisikiliza nikiwa likizo.

Sasa Jumamosi. Niliweka supu mapema moto mdogo nikakaa kwenye ngazi ya jikoni. Muziki kweli unakatika! Nilikuwa nahesabu kwa vidole, umekatika mara saba ndo nikasahau kuhesabu. Kulikuwa na mama mmoja mwanzoni ana maneno yake makali kweli, nikamwekea alama kichwani. Saa nzima ikaisha, yakaja majina, likaja la Torey Malatia, na ikaingia sauti ya yule mama!! Nikacheka kabla ya babu. Nilicheka kwa sauti mpaka nikaona aibu.

Babu akageuka akaniangalia muda. Akasema, yule ni yule wa mwanzo. Nikamwambia ndiyo, yule wa mwanzo. Halafu ndo akaanza kucheka na yeye, akakohoa nikamletea maji. Alipomaliza kunywa akakivuta kile kiti cha pili kwa mguu kikasogea upande wangu, akawasha TV yake kama kawaida.

Jioni wakati namvalisha soksi akaniambia aliwahi kuuza matrekta. Miaka kumi na moja. Nikamuuliza mwisho wa mwezi ilikuwaje. Soksi moja ilichukua nusu saa.

Msafiri254:

Matrekta! Mrekodi huyo mzee, simu si unayo.

Binti Kibosho:

Nitamwomba ruhusa kwanza kaka. Mama wa Makadara anaangalia humu 😅

Mie wa Makadara:

Naangalia.

Chumvi Nyingi:

Mi sijali ya soksi. Ile yadi walifikisha magari 129 au hawakufikisha?

Binti Kibosho:

Kasikilize.

Chumvi Nyingi:

Bando hilo utaninunulia wewe?

mwl_Kasulu:

Chumvi njoo inbox nikutumie maandishi yake, faili dogo tu. Ila utayasoma kiingereza mpaka mwisho, sikutafsirii.